Maji ya mabibo yamewaka buluu chini ya tochi ya noti. Mwanafunzi kaniuliza swali, sijalala vizuri wiki nzima

Kibatari_Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari moja huku Mtwara. Jumamosi iliyopita nilikamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, nikachuja kwa kitambaa mara tatu, nikatia kwenye chupa ya kioo, kifuniko nimekilegeza, chupa nikaiweka ndani ya presha kuka yenye maji kidogo. Muda wa saa mbili na nusu kwenye jiko la gesi. Yalitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana. Nikayachuja tena, nikayazimua kwa maji safi hadi yakawa kama chai ya mgonjwa, halafu usiku nikazima taa na kumulika kwa tochi ile wanayokagulia noti madukani.

Yakawaka. Buluu iliyopauka, ya kijivu kwa mbali, kama moto wa gesi mtungi ukikaribia kuisha. Mke wangu alichosema ni kimoja tu: "Uchawi wako utoe kwenye presha kuka yangu."

Sikuota tu nikaamka nikafanya. Mwaka 2012 watafiti wa India walichemsha maji ya machungwa kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi 120, wakapata chembe za kaboni zenye ukubwa wa nanometa chache, zinazong'aa. Chembe za namna hiyo zilianza kuonekana mwaka 2004 Marekani, watu wakisafisha masizi yenye mirija ya kaboni, kumbe kwenye uchafu ndimo vilimokuwa vinavyong'aa. Nikasema chungwa lina sukari na tindikali, bibo lina sukari na vitamini C ya kumwaga. Tujaribu.

Jumatatu nikaenda nayo darasani. Binti mmoja wa kidato cha tatu, nyuma kabisa, akauliza: "Mwalimu, ukimdunga mtu hii, si tutaiona inakopita?"

Nikamjibu jibu la mwalimu aliyebanwa: swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho. Sasa nalileta kwenu, na nilichosoma tangu siku hiyo nakimwaga hapa. Kifupi chake: kutengeneza kitu kidogo kinachong'aa watu walikwishaweza siku nyingi. Kinachowatoa jasho ni kukifanya kiingie mwilini, kikae bila kuganda, kisimdhuru mwenye mwili, kionekane, halafu kitoke.

---

Chuma_cha_Chuno

Chai hii mkuu. Presha kuka tu? Wenye maabara za mabilioni wanafanya nini sasa?

---

Kibatari_Mikindani

Wenye mabilioni wanajua walichopika. Mimi najua kimewaka tu. Hiyo ndiyo tofauti na wala si ndogo.

---

Mbanguaji_Masasi

Mwalimu mimi kemia niliiacha kidato cha pili, nisaidie. Hizo chembe ni za mkaa? Mkaa unang'aaje?

---

Kibatari_Mikindani

Dada, udogo unabadili tabia. Nikupe mfano wa ndugu zake maarufu.

Kuna kitu kinaitwa nukta za kwantamu. Ni fuwele ndogo mno, nyingi ni za kadimiamu na seleniamu. Yenye upana wa kama nanometa 2 ukiimulika inatoa mwanga wa upande wa buluu na kijani. Yenye nanometa 6 inatoa mwekundu. Kitu kilekile, atomu zilezile, ukubwa tu ndio umebadilika. Unywele wako mmoja una upana wa nanometa kama 80,000, ujipigie hesabu mwenyewe. Elektroni ndani ya kichembe hicho zimebanwa kama abiria wa daladala ya asubuhi, na kadiri zinavyobanwa ndivyo mwanga unavyotoka na nguvu kubwa zaidi, yaani unasogea kwenye buluu.

Ekimov aliliona jambo hili kwenye kioo cha rangi, Urusi, mwaka 1981. Brus akaliona kwenye chembe zinazoelea kwenye kimiminika, Marekani, 1983. Bawendi mwaka 1993 akapata namna ya kuzipika zote zitoke saizi moja: unapiga malighafi kwa sindano ndani ya kimiminika cha moto, karibu nyuzi 300, zinaumuka zote kwa mpigo. Watatu hao walipewa Nobel ya kemia 2023. Na ile siku majina yalivuja asubuhi kabla ya kutangazwa, barua pepe ilitumwa mapema kwa makosa. Bawendi huyo huyo, ambaye baba yake ni mtu wa Tunisia, alisimulia kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia chuoni alipata 20 kwa 100. Nimewasomea hiyo wanafunzi wangu. Wameipenda kuliko somo lenyewe.

Sasa tatizo. Nukta hizi zimepikwa kwenye kitu cha mafuta, kwa hiyo zinatoka zimevaa mafuta: molekuli zenye mikia mirefu zimezizunguka pande zote. Ukizitia kwenye maji zinajikusanya na kugandana. Na damu ni maji ya chumvi. Ni sawa na mtu wa Newala uliyemkuta na koti lake la baridi ya alfajiri, ukambeba hivyo hivyo ukamtupa baharini Msimbati.

---

Nahodha_Msangamkuu

Mwalimu, huko baharini unakokusema, usiku wa giza tukipiga kasia maji yanawaka. Ukitia mkono, vidole vinaota nyota. Wazee walikuwa wanatuambia mengi. Ni hizo hizo nukta?

---

Kibatari_Mikindani

Nahodha, hapana, na umenipa raha kuuliza. Hao wanaowaka baharini ni viumbe hai vidogo, na taa yao wanaitengeneza wenyewe kwa kemikali ndani ya mwili, wakitikiswa tu inawaka. Kimulimuli naye hivyo hivyo. Nukta hazina taa yake. Lazima umulike kwanza, zinyonye mwanga wako, ndipo zirudishe wa rangi nyingine.

Ila bahari ndiyo iliyofungua njia yote hii. Mjapani Osamu Shimomura alikuwa anavua yavuyavu pwani ya Marekani, upande wa Pasifiki, kwa maelfu, na mwaka 1962 akaandika kuhusu protini zake, mojawapo ikiwa ile ya kijani. Baadaye wengine wakaichukua hiyo ya kijani wakaipandikiza kwenye viumbe wengine, seli ikawa inang'aa yenyewe ukiimulika. Nobel 2008. Kwa hiyo kabla hujasema kazi ya nahodha haina elimu, kumbuka kuna profesa alishika chandarua.

Uzuri wa protini ile ni kwamba inazaliwa mwilini, maji ni kwao. Ubaya wake, ukiimulika muda mrefu inafifia. Nukta za kwantamu zinavumilia mwanga sana, ndiyo sababu watu wanazing'ang'ania pamoja na shida zake zote.

---

Nesi_Nanguruwe

Mwalimu umetaja kadimiamu ukapita kama umetaja chumvi. Hiyo si sumu? Ikishaingia kwenye figo inakaa miaka na miaka. Nani ataruhusu adungwe?

---

Kibatari_Mikindani

Nesi umenishika. Ni sumu, na nilikuwa nakuja huko.

---

Mbanguaji_Masasi

Samahani naingilia. Korosho nayo ina sumu yake. Yale mafuta ya ganda yanababua mikono, ngozi inatoka kama ya nyoka. Sisi tunajipaka majivu au mafuta kabla ya kubangua. Mzungu anakula korosho anasema tamu, hajui ilipopita. Sasa hiyo kadimiamu si waifunike tu?

---

Kibatari_Mikindani

Dada Mbanguaji, umefundisha somo langu kuliko mimi. Naomba wote mrudie post yake.

Kwenye korosho sumu iko ganda, utamu uko ndani. Kwenye nukta geuza: sumu ndiyo kiini, ganda ndilo linalomlinda mtu. Wanavika kiini cha kadimiamu selenaidi ganda la zinki salfaidi. Ganda hilo kazi yake mbili. Kwanza linafanya mwanga uwe mkali, kwa sababu juu ya kiini kitupu kuna atomu zilizokosa mwenzi na nguvu inavujia hapo bila kutoa mwanga. Pili linazuia kadimiamu isitoke.

Linazuia kabisa? Hapana. Mwaka 2004 kuna watafiti Marekani waliwawekea seli za ini nukta za aina hiyo. Zilizokaa kwenye hewa au zilizopigwa mwanga wa urujuanimno zilianza kulika juu, kadimiamu ikatoka, seli zikafa. Zilizovikwa ganda madhara yake yalipungua, lakini ganda si kufuli la benki.

Juu ya ganda hilo bado kuna lile koti la mafuta. Hapo ndipo historia yenyewe ilipo. Septemba 1998, jarida la Science, toleo moja, makundi mawili yalitoa majibu mawili kwa mpigo. Kundi la Alivisatos lilizifunika kwa silika, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo, na silika inaelewana na maji. Kundi la Nie lilifanya ujanja mwingine: wakavua mikia ya mafuta, wakavisha molekuli fupi yenye salfa upande mmoja na tindikali upande wa pili. Salfa inashika kwenye chembe, tindikali inaangalia maji. Rahisi mno. Ila salfa hiyo inachoka, ukiweka siku kadhaa au ukimulika sana inaachia, nukta zinarudi kugandana, na mwanga unapungua vilevile wakati wa kuvua na kuvisha.

Mimi ninayoipenda ni ya 2002, ya sabuni. Mnajua sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya wali wa nazi: mkia unaingia kwenye mafuta, kichwa kinabaki kwenye maji, tonge la mafuta linaondoka limezungukwa. Sasa wao hawakuvua koti. Waliliacha, wakazungushia molekuli zenye mkia na kichwa, mkia ukashikana na koti, kichwa kikatazama maji. Wakadunga kwenye viinitete vya chura. Viinitete vikakua hadi vikawa viluwiluwi, na bado vinang'aa. Kiluwiluwi anaogelea na taa tumboni, wakuu!

---

Chuma_cha_Chuno

Haya nimekaa, naleta kiti. Endelea.

---

Dogo_Kemia

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Dar chuoni ila ni mtoto wa Likombe. Uzi mzuri, ila nina neno na mabibo yako. Ulimulika maji ya bibo bichi, yasiyochemshwa, ukalinganisha?

---

Kibatari_Mikindani

Marahaba mwanangu. Sikumulika. Na nimeona aibu hapa nilipo.

---

Dogo_Kemia

Ndiyo shida, mwalimu. Bibo lina ule ukakasi unaokaza ulimi, na vitu vya jamii hiyo vingi vinang'aa buluu kwenye tochi kama hiyo vyenyewe, bila kupikwa. Inawezekana uliona bibo, hukuona chembe za kaboni. Au uliona vyote. Kwa jicho huwezi kutenganisha.

Na shida yako hiyo ndiyo shida ya mwilini. Ukimulika nyama kwa mwanga wa buluu au urujuani, nyama yenyewe inang'aa. Ngozi inang'aa, nyuzi zinazoshika misuli zinang'aa, vitamini zinang'aa. Unatafuta kibatari chako sokoni mchana.

---

Kibatari_Mikindani

Wakuu mmeona vijana wanavyotunyoosha. Sina cha kujitetea.

Niongezee hapo kwa jaribio lisilohitaji maabara. Zima taa, washa tochi ya simu, ifunike kwa kidole. Kidole kinawaka chekundu. Tochi ni nyeupe, ina rangi zote, mbona imetoka nyekundu tu? Buluu na kijani vimemezwa na damu njiani. Nyekundu ndiyo inayopenya, na mbele yake kuna ile tusiyoiona kwa macho, infraredi ya karibu, inapenya vizuri zaidi. Ndiyo maana chembe inayotoa buluu, kama hii yangu ya mabibo, hata ingekuwa halali kabisa, ndani ya mwili ingezama humo humo. Binti wa kidato cha tatu ajibiwe hivyo kwanza.

Mwaka 2004 waliopika nukta za infraredi ya karibu walizidunga kwenye nguruwe, na daktari wa upasuaji akaiona tezi ya limfu iliyo kina cha sentimita 1 chini ya ngozi, moja kwa moja kwenye skrini, huku anakata. Tezi hiyo ndiyo ya kwanza kupokea saratani ikianza kutembea, kwa hiyo kuijua ni ipi kunamwokoa mgonjwa kukatwa nyingi bila sababu.

Wengine wamekwenda njia ya ajabu zaidi: chembe zenye metali za itabiamu na ebiamu, unazimulika kwa infraredi, zinameza fotoni (vipande vya mwanga) mbili au zaidi zisizoonekana na kutoa moja ya kijani au nyekundu. Nyama haijui mchezo huo, kwa hiyo nyuma kunabaki giza totoro na taa ni yako peke yako. Kasoro yake, mwanga unaotumika sana una urefu wa wimbi wa nanometa 980, na huo maji yanaunyonya na kupata joto. Ukizidisha unachemsha unachotaka kutibu. Kuna wanaoongeza niodimiamu ili watumie nanometa 808, ambayo maji hayaigusi sana.

---

Nesi_Nanguruwe

Bado hujanijibu. Inatokaje?

---

Kibatari_Mikindani

Nakuja nesi, nilikuwa nashusha pumzi.

Ikishaingia kwenye damu, sekunde hazipiti nyingi protini zinairukia na kuishika kama nzi kwenye bibo lililopasuka. Ile koti uliyoshona kwa mwezi mzima, damu imekuvisha nyingine juu yake. Chembe inanenepa, na seli za ulinzi kwenye ini na wengu zinaikamata. Ikikaa huko ndiyo hiyo miaka na miaka uliyosema.

Kwa hiyo wanaivisha nyuzi laini za plastiki inayopenda maji, polietilini glaikoli, zinazoyumba kama nyasi na kuzisukuma protini mbali. Inasaidia, lakini nyasi nazo zina urefu, chembe inakua kubwa tena. Na ukubwa ndio unaoamua mlango wa kutokea. Mwaka 2007 kuna kazi moja ilipima kwa panya: chembe ikiwa chini ya nanometa 5.5, koti ikiwemo, figo zinaipitisha kwenye mkojo haraka. Ikizidi hapo, kwa nukta zile, nyingi zilibaki ndani. Na zile zilizofaulu zilivikwa molekuli fupi yenye chaji chanya na hasi kwa pamoja, protini hazikuona pa kushika.

Tazama msitu wenyewe sasa: kiini, ganda la zinki, koti, halafu pengine kingamwili ya kutambua seli ya saratani, na vyote hivyo unatakiwa uvipitishe kwenye tundu la nanometa 5.5. Kila unachoongeza kwa ajili ya usalama kinakunyima usalama wa upande mwingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo miaka mingi ilipokwenda.

Waliofika hadi kwa binadamu waliacha kadimiamu kabisa. Chuo cha Cornell walichukua rangi ya kawaida inayong'aa, wakaifungia ndani ya kidonge cha silika cha nanometa 6 au 7, wakakivika zile nyasi. Ruhusa ya kujaribu kwa watu ilitoka 2011, na matokeo ya wagonjwa 5 wa saratani ya ngozi yakachapishwa 2014. Sehemu kubwa ilitoka kwa mkojo. Wagonjwa watano ni mwanzo tu, ila kumbuka nesi, mchanga ndio uliofika. Kadimiamu haijafika.

---

Nesi_Nanguruwe

Hapo sawa. Ila mimi huku zahanati sina skrini ya infraredi, wala umeme wa uhakika. Ninachotumia ni kile kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu, mistari miwili. Hayo mambo yenu yanahusiana?

---

Dogo_Kemia

Yanahusiana sana, dada nesi. Ule mstari mwekundu kwa vipimo vingi ni chembe za dhahabu. Dhahabu ya makumi ya nanometa haiwi ya njano, inakuwa nyekundu. Zimebeba kingamwili, zinanasa kwenye mstari zikikuta protini ya vijidudu. Hazing'ai, zinaonekana tu. Ukiweka chembe zinazong'aa mahali pa dhahabu unaweza kuona vijidudu vichache zaidi, ila unahitaji kisomeo chenye taa yake. Uzuri wake, damu imetoka kwa mtu, kipimo kinaishia kwenye ndoo ya taka. Suala la figo halipo.

Kwangu mimi huko ndiko pa kuanzia kwetu. Kudunga watu tuwaachie wenye hospitali za panya.

---

Chuma_cha_Chuno

Grafaiti ya Ruangwa je? Si kaboni hiyo? Tuache kuuza mawe tuuze nukta!

---

Dogo_Kemia

Kaboni ni kaboni mkuu, na grafaiti inakatwakatwa kweli kwa tindikali kali hadi nukta. Ila gramu moja inatosha maabara nzima, wewe una mlima.

---

Chuma_cha_Chuno

Nyie wasomi hamtaki tutajirike.

---

Kibatari_Mikindani

Mrejesho wa Jumamosi, wakuu. Nimeomba presha kuka kwa ahadi nzito, sizitaji.

Glasi tatu safari hii. Ya kwanza maji matupu. Ya pili maji ya bibo bichi, nimeyachuja na kuyazimua hadi rangi ilingane na ya tatu kwa kukadiria. Ya tatu yaliyochemshwa. Taa zimezimwa, tochi ile ile, umbali ule ule, nimepima kwa rula.

Maji matupu, giza. Bibo bichi, linang'aa. Dogo alikuwa sahihi, linang'aa lenyewe, buluu ile ile iliyopauka. La kuchemshwa linang'aa zaidi, mke wangu naye kaliona bila kuambiwa lipi ni lipi, nimembadilishia glasi mara nne na mara zote nne kaonyesha lile lile. Kwa hiyo kitu kimeongezeka jikoni. Ni chembe za kaboni au ni sukari iliyoungua tu? Kwa tochi ya noti sitajua.

Dogo, chuoni kwenu kuna kifaa cha kupima mng'ao?

---

Dogo_Kemia

Kipo mwalimu, foleni tu. Nitumie mililita 50 za kila moja. Nitazipitisha kwanza kwenye utando wa kuchujia ili sukari na takataka ndogo zitoke, kinachobaki ndicho tutakachomulika kwa rangi tofauti tofauti. Mng'ao ukihama kila ukibadilisha rangi ya kumulikia, dalili nzuri, ingawa si uthibitisho.

---

Kibatari_Mikindani

Zinapanda basi la kesho alfajiri. Chupa mbili, nimezifunga kwa gazeti ndani ya kopo la maziwa, juu nimeandika SI KINYWAJI pande zote.

---

Mbanguaji_Masasi

Mwalimu, maji ya mabibo, kwenye basi, kutoka Mtwara? Konda akinusa tu hiyo ni uraka, pombe ya mabibo. Andika SUMU.

---

Kibatari_Mikindani

Nimefungua kopo naandika upya.